Teknolojia ya dijitali yaleta sura mpya katika somo la vimelea vyuoni

KWA zaidi ya karne moja, mwanafunzi wa udaktari au wa kazi za maabara amejifunza kuhusu vimelea vya magonjwa kwa njia moja kuu: kuketi mbele ya hadubini, kutazama slaidi na kuchora anachokiona. Njia hiyo ingalipo, lakini haiko peke yake tena.

Siku hizi slaidi hizo hizo hugeuzwa kuwa picha za kompyuta ambazo mamia ya wanafunzi wanaweza kuzifungua kwa wakati mmoja, wakiwa darasani au nyumbani. Mabadiliko hayo yamewapa wahadhiri nafasi ya kutatua matatizo ya miaka mingi. Hata hivyo, yamezua swali zito: je, aliyejifunza kutambua vimelea kwenye skrini ataweza kuvitambua katika damu au choo cha mgonjwa?

Swali hilo haliwahusu wasomi pekee. Kwa mujibu wa Shirika la Afya Duniani (WHO), mwaka 2023 kulitokea visa milioni 263 vya malaria na watu 597,000 wakafariki, wengi wao wakiwa watoto wa Afrika walio chini ya umri wa miaka mitano. Mgonjwa anapopewa dawa inayofaa, mara nyingi ni kwa sababu kuna mtu wa maabara aliyefunzwa vyema kutofautisha kimelea na uchafu wa rangi uliobaki kwenye kioo.

SOMO LA MACHO

Elimu ya vimelea, ambayo wataalamu huiita parasitolojia, huchunguza viumbe wanaoishi ndani au juu ya mwili wa kiumbe mwingine na kujilisha kwake. Miongoni mwao ni viumbe wa seli moja wanaosababisha malaria, malale na kala-azar, minyoo ya aina mbalimbali, na wadudu kama chawa na funza.

Msingi wa somo hili ni kuona. Daktari wa jeshi la Ufaransa, Alphonse Laveran, aligundua kimelea cha malaria mwaka 1880 alipokuwa akichunguza damu ya wagonjwa mjini Constantine, Algeria. Mwaka 1904, mkemia Mjerumani Gustav Giemsa alieleza mchanganyiko wa rangi ambao ungali unatumiwa katika maabara ulimwenguni kote kuonyesha vimelea hivyo.

Kazi yenyewe ni ya uangalifu mkubwa. Chembe nyekundu ya damu ina upana wa takriban maikromita 7 hadi 8, yaani sehemu elfu za milimita. Kimelea kichanga cha malaria huonekana ndani yake kama pete ndogo yenye nukta nyekundu na duara la buluu. Chembe ndogo za kugandisha damu zikikaa juu ya chembe nyekundu, huweza kumhadaa mwanafunzi akadhani amekiona.

Katika uchunguzi wa choo, mwanafunzi hutarajiwa kujua kwamba yai la mchango lina gamba nene lenye manundu na rangi ya kahawia, ilhali yai la mnyoo mjeledi lina umbo la pipa lenye kizibo kila upande. Yai la safura lina gamba jembamba linaloangaza. Yai la kichocho cha matumbo, ugonjwa unaopatikana maeneo ya Ziwa Victoria na Mwea, lina mwiba ubavuni. Lile la kichocho cha mkojo, kinachopatikana Pwani, lina mwiba wake mwishoni.

Kuna wanaodhani kwamba vipimo vya haraka vya malaria vimeifanya hadubini kuwa kitu cha kale. Sivyo. Vipimo hivyo havihesabu vimelea, na vingi huendelea kuonyesha kwamba mtu anaugua hata majuma kadhaa baada ya kupona. Zaidi ya hayo, baadhi ya vimelea vimepoteza jeni inayotengeneza protini inayotafutwa na vipimo vingi. Tatizo hilo lilikuwa kubwa kiasi kwamba mwaka 2016 nchi ya Eritrea iliacha kutumia vipimo vya aina hiyo.

Kwa sababu hiyo, WHO imeweka viwango vikali vya kupima umahiri wa watu wa maabara. Anayetaka kuorodheshwa katika daraja la kwanza la wasomaji wa slaidi za malaria sharti apate angalau asilimia 90 katika kutambua kama vimelea vipo, na asilimia 90 katika kutaja aina yake. Kiwango hicho hakifikiwi kwa kusoma vitabu, bali kwa kutazama slaidi nyingi mno.

SLAIDI ZINAZOADIMIKA

Tatizo la kwanza la vyuo ni kwamba slaidi hazitoshi. Rangi hufifia kadiri miaka inavyopita, kioo huvunjika, na lenzi inayoteremshwa kwa pupa huweza kupasua slaidi iliyotunzwa kwa miongo kadhaa. Slaidi ya kimelea adimu ikipotea, huenda chuo kisipate nyingine.

Sampuli nyingine hupatikana kwa taabu. Viluwiluwi vya mnyoo unaosababisha matende katika Pwani ya Kenya hujaa katika damu ya mishipa midogo wakati wa usiku, hasa kati ya saa nne za usiku na saa nane. Mchana huwa vigumu kuviona. Mhadhiri anayetaka slaidi mpya hulazimika kutafuta damu iliyotolewa usiku wa manane.

Kuna pia upungufu unaotokana na habari njema. Mnamo 2018, Kenya ilithibitishwa kuwa haina tena mnyoo wa Guinea. Agosti 2025, WHO ilithibitisha kwamba nchi hii imetokomeza malale kama tatizo la afya ya umma. Ina maana kwamba mwanafunzi anayehitimu sasa nchini anaweza kufanya kazi maisha yake yote bila kukutana na mgonjwa wa malale.

Hata hivyo mbung'o wangalipo katika mbuga, na vimelea vya malale huweza kujificha katika mifugo na wanyamapori. Ugonjwa ukirejea, atakayeutambua kwanza ni mtu wa maabara ambaye aliwahi kuonyeshwa kimelea chake chuoni. Ujuzi wa kutambua ugonjwa unapaswa kudumu hata pale wagonjwa wanapokwisha.

Tatizo la pili ni la ufundishaji. Hadubini ya kawaida hutazamwa na mtu mmoja. Mhadhiri mwenye wanafunzi 60 hawezi kujua kila mmoja anatazama nini. Wapo wanaochora kiputo cha hewa kwa imani kwamba ni yai la mnyoo, na kosa hilo hugunduliwa tu mchoro unaposahihishwa.

JINSI SLAIDI YA DIJITALI INAVYOFANYA KAZI

Slaidi ya dijitali si picha moja iliyopigwa kwa kamera. Mashine maalumu, iitwayo skana ya slaidi, hupita juu ya kioo chote ikipiga mamia au maelfu ya picha ndogo ndogo, kisha programu huziunganisha kuwa picha moja kubwa.

Mwanafunzi huifungua picha hiyo kupitia intaneti na kuisogeza huku na huko, akiikuza au kuipunguza, kama mtu anayetazama ramani ya kompyuta. Seva humtumia kipande anachokitazama tu, wala si faili nzima. Ndiyo sababu picha yenye ukubwa wa gigabaiti kadhaa huweza kutazamwa kwenye kompyuta ya kawaida.

Mhadhiri naye huweza kuweka mishale na maelezo juu ya picha, au kuyaficha wakati wa mtihani. Darasa zima hutazama kimelea kile kile, na majadiliano huwa juu ya kitu ambacho kila mmoja anakiona.

Vimelea vina ugumu wake ambao haupo katika masomo mengine ya tiba. Kipande cha nyama kinachochunguzwa na wataalamu wa saratani ni chembamba sana, hivyo picha ya tabaka moja hutosha. Lakini yai la mnyoo lina unene, na matone mazito ya damu yana kina. Katika hadubini, mtazamaji huzungusha kirekebishi ili kupanda na kushuka ndani ya sampuli. Picha ya tabaka moja haimpi nafasi hiyo.

Suluhisho ni kupiga picha za matabaka kadhaa, moja juu ya nyingine, ili mwanafunzi ashuke na kupanda kwa kubonyeza kitufe. Mwaka 2008, watafiti wa Finland na Uswidi walichapisha ripoti katika jarida la PLoS Neglected Tropical Diseases wakieleza mkusanyiko wa slaidi za vimelea wa aina hiyo, uliowekwa kwenye intaneti kwa ajili ya mafunzo na ukaguzi wa ubora wa maabara.

Gharama yake ni ukubwa wa faili. Matabaka 10 humaanisha faili kubwa karibu mara 10. Aidha, uwezo wa skana huamua kinachoonekana. Kwa kipimo cha kawaida cha robo ya maikromita kwa kila pikseli, pete ya malaria yenye upana wa maikromita 2 hupewa pikseli 8 pekee. Kwa yai la kichocho hilo si tatizo, lakini kwa malaria huenda likaficha tofauti baina ya aina moja na nyingine.

HAZINA ZILIZO WAZI KWA WOTE

Baadhi ya nyenzo za mafunzo hupatikana bila malipo. Kituo cha Kudhibiti Magonjwa cha Marekani (CDC) kina mradi uitwao DPDx ambao huonyesha picha za vimelea, mizunguko ya maisha yao na vipimo vya mayai, pamoja na mifano ya wagonjwa ambayo msomaji hujijaribia kabla ya kuona jibu.

Nchini Uingereza, wahadhiri wa Chuo Kikuu cha De Montfort mjini Leicester walishirikiana na vyuo vikuu vya Hispania kutengeneza mafunzo ya vimelea ya mtandaoni yenye maabara na hadubini ya kompyuta. Vyuo vya Ulaya vina sababu yao: wagonjwa wa vimelea ni wachache huko, na saa za somo hilo zimekuwa zikipunguzwa katika nchi nyingi.

Afrika Mashariki ina hali tofauti. Magonjwa yenyewe yapo, lakini vifaa vya kufundishia ni haba. Ajabu ni kwamba mwanafunzi wa Kisumu au Kilifi huweza kujifunza kichocho kupitia picha zilizohifadhiwa Atlanta, ilhali mayai ya kimelea hicho yanapatikana kilomita chache kutoka chuoni kwake.

Umuhimu wa nyenzo hizi ulidhihirika Machi 2020, serikali ya Kenya ilipofunga shule na vyuo kutokana na ugonjwa wa Covid-19. Mihadhara ingeweza kuhamishiwa kwenye intaneti, lakini hadubini zilibaki nyuma ya milango iliyofungwa. Somo lililokuwa na slaidi za dijitali lilikuwa na pa kuanzia, na lisilokuwa nazo likabaki na nadharia tupu.

SIMU YA MKONONI YAGEUZWA HADUBINI

Juhudi nyingine zimelenga simu. Mwaka 2013, watafiti walichapisha matokeo ya majaribio yaliyofanywa kisiwani Pemba, Tanzania, ambako lenzi ndogo ya duara ilibandikwa kwenye kamera ya simu kwa utepe ili kutafuta mayai ya minyoo katika slaidi za choo.

Matokeo yake ni somo tosha kwa mwalimu yeyote. Ikilinganishwa na hadubini ya kawaida, simu hiyo iligundua asilimia 81 ya maambukizi ya mchango na asilimia 54.4 ya mnyoo mjeledi. Kwa safura, iligundua asilimia 14.3 pekee.

Mayai ya mchango ni ya rangi iliyokoza na gamba nene, hivyo huonekana hata kwa lenzi duni, lakini yale ya safura yana gamba jembamba na hayana rangi ya kuvuta jicho. Chombo kimoja kinaweza basi kufaa kwa kimelea kimoja na kupotosha kwa kingine, na mwanafunzi asiyeelezwa hivyo atatangaza kuwa mzima mtu anayenyonywa damu na minyoo.

Mwaka uliofuata, 2014, Manu Prakash na wenzake wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, walieleza hadubini ya karatasi iitwayo Foldscope, ambayo vipuri vyake viligharimu chini ya dola moja. Haiwezi kuchukua nafasi ya hadubini ya maabara, lakini humpa mwanafunzi nafasi ya kuzoea kutafuta na kulenga kwa mkono wake mwenyewe.

Hatua ya karibuni zaidi ni akili unde, yaani programu zinazofunzwa kutambua vimelea kutoka kwa picha nyingi. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Makerere, Uganda, walichapisha mwaka 2016 kazi iliyotumia simu iliyofungwa kwenye hadubini kutafuta malaria, kifua kikuu na mayai ya minyoo. Mwaka 2024, ripoti nyingine ilieleza matumizi ya skana inayobebeka na akili unde katika kuchunguza choo cha wanafunzi wa shule za msingi kaunti ya Kwale.

Utafiti wa Kwale uligundua jambo la kutafakari. Baadhi ya slaidi ambazo hadubini ilionyesha hazina kitu zilikuwa na mayai machache yaliyoonekana kwenye picha za dijitali. Kwa mafunzo, hiyo ni faida kubwa: mwanafunzi na mkufunzi wake huweza kurudi kwenye slaidi ile ile na kuonyeshwa mahali hasa jicho liliporuka.

Lakini programu hizo zilifunzwa kwa picha ambazo wataalamu wa binadamu walizitambua kwanza. Ikiwa vyuo vitaacha kutoa wataalamu wa aina hiyo, hakutakuwa na wa kuisahihisha mashine inapokosea.

YALE AMBAYO SKRINI HAIFUNZI

Slaidi ya dijitali ina upungufu ulio wazi: humkuta mwanafunzi kazi ngumu ikiwa imekwisha kufanywa. Mtu fulani alikwisha kutoa damu, akaitandaza, akaipaka rangi na kuchagua slaidi iliyo nzuri.

Katika kituo cha afya hali si hiyo. Damu ikitandazwa kwa unene usiofaa, vimelea havionekani. Maji ya kuchanganyia rangi ya Giemsa yanapaswa kuwa na kipimo cha asidi cha pH 7.2, na yasipofikia kiwango hicho rangi hubadilika na alama muhimu hupotea. Katika slaidi za choo zinazotengenezwa kwa njia ya Kato-Katz, mayai ya safura huyeyuka machoni yasipotazamwa ndani ya dakika 30 hadi 60. Hakuna picha inayoweza kufunza haraka hiyo.

Isitoshe, mwanafunzi anayezoea mkusanyiko mdogo wa picha huweza kukariri picha badala ya kukijua kimelea. Hutambua slaidi kwa rangi ya pembeni au mkwaruzo, na hushindwa anapopewa slaidi ngeni. Ndiyo maana mkusanyiko unapaswa kuwa na slaidi nyingi za kimelea kimoja, zikiwemo mbaya, zilizofifia na zile zisizo na kimelea chochote. Kumtambua asiyeugua ni sehemu ya ujuzi.

GHARAMA NA NJIA YA KUSONGA MBELE

Miundombinu imeboreka ikilinganishwa na zamani. Mwaka 2009, nyaya za baharini za SEACOM na TEAMS zilifika Mombasa na kuiondolea Kenya utegemezi wa setilaiti. Vyuo vingi huunganishwa na mtandao wa elimu wa KENET, ulioanzishwa mwaka 1999. Hata hivyo, mwanafunzi aliye nyumbani hulipia intaneti kwa simu yake, na umeme hupotea.

Suluhisho la bei nafuu ni kuhifadhi slaidi kwenye seva ya chuo au diski inayobebeka, ili zifunguliwe bila intaneti. Skana nayo ni ghali, lakini hutumiwa mara moja tu kwa kila slaidi. Vyuo vikuu na Chuo cha Mafunzo ya Matibabu (KMTC), chenye matawi katika kaunti nyingi, vinaweza kutumia skana moja kwa pamoja na kugawana picha.

Mkusanyiko wa hapa nchini ungekuwa na thamani ya pekee, kwani ungeonyesha vimelea vya mahali wahitimu watakapofanyia kazi. Kazi hiyo huhitaji ridhaa ya wenye sampuli na kuondolewa kwa majina yao, kama inavyotakiwa na Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019.

Mpango unaofaa ni kuvitumia vifaa hivi viwili kwa zamu. Mwanafunzi aanze na slaidi ya dijitali, ambapo ataonyeshwa alama za kimelea na kukosolewa papo hapo. Kisha aingie maabara, atengeneze slaidi yake mwenyewe na kuisoma kwa hadubini. Mwishowe arudi kwenye skrini kufanya mazoezi ya marudio, na mtihani wake uwe na sehemu zote mbili.

Wahenga walisema mtaka cha mvunguni sharti ainame. Teknolojia ya dijitali imempunguzia mwanafunzi wa vimelea safari, foleni na uhaba wa slaidi, lakini haijamwondolea wajibu wa kuinama juu ya hadubini. Mgonjwa atakayemletea damu au choo kesho hataleta picha iliyowekewa mishale.